npm inanigomea, node_modules imekuwa mali ya root

kibatari_tz
Wakuu, poleni na majukumu. Nina laptopu ya Ubuntu 24.04, Node na npm (kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript) nimezitoa kwenye apt, kisakinishi cha Ubuntu chenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa nasakinisha kifurushi kimoja kwa `-g`, yaani kwa mashine nzima, ikagoma, nikatia `sudo` mbele (amri iende kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine), ikapita. Nikajiona fundi! Toka siku hiyo sudo naitia kila mahali kama chumvi, hata ndani ya folda ya mradi wangu mwenyewe.

Leo nimepiga `npm install` tupu: `EACCES: permission denied`, yaani sina ruhusa. Nikachungulia kwa `ls -l`, penye node_modules, folda ya vifurushi vya mradi, pamekaa `root root`, jina langu halipo. Hata kuifuta siwezi. Jamaa yangu anasema nipige `chmod -R 777` nikalale. Nipige?

mzee_wa_seva
Usipige, mdogo wangu. 777 inampa kila mtumiaji wa mashine hiyo ruhusa ya kuandika humo, na faili zinabaki za root vilevile.

Ukitia sudo, anayefanya kazi si wewe tena, ni root, na faili huwa ya aliyeiunda. npm za nyuma kidogo zilikuwa zinajaribu kurudisha umiliki kwa mwenye folda. Toleo la 9, la mwaka 2022, likaacha hiyo kazi. Apt ya 24.04 inakupa 9.2. Umeona ilipokubana.

Ingia kwenye mradi, kisha ujirudishie umiliki:

`sudo chown -R $USER: node_modules package-lock.json ~/.npm`

Hiyo `~/.npm` ni ghala ya vifurushi ulivyokwisha kupakua. Wengi wanaisahau, halafu wanarudi hapa wanalia. Kuhusu `-g`: `npm config set prefix ~/.local` ili vikae kwenye folda yako, toka kwenye akaunti, ingia tena.

binti_wa_giza
Kibatari, ila usije ukajiongeza ukapiga chown hiyo kwenye `/usr`. Mimi nilipiga. Amri iliyofuata ikanijibu:

`sudo: /usr/bin/sudo must be owned by uid 0 and have the setuid bit set`

Ndipo nikajua kumbe sudo nayo ni faili tu, ina mwenyewe. Na chown inafuta ile biti ya setuid, inayoiwezesha sudo kufanya kazi kama root, kwa hiyo hata ukimrudishia root umiliki, bado unadaiwa `chmod 4755`. Nikaingia kwa hali ya uokoaji nikairekebisha, kumbe su na passwd, zinazotegemea biti hiyohiyo, nazo hoi. Saa nane usiku nikaamua kusakinisha Ubuntu upya.

kibatari_tz
Dada pole, nimecheka lakini pole. Mzee, shikamoo. Imepita bila sudo! Nikapiga na `find . -user root` kuhakikisha, ikanitolea faili moja iliyojificha: `dist/index.html`. Nayo nimeirudisha nyumbani.