Chembe sahani zimeshuka hadi 62, ninywe juisi gani?

Konda Mstaafu: Habari wakuu. Nina miaka 41. Nimeenda kung'oa jino, daktari kaona madoa mekundu miguuni, akataka vipimo vya damu kwanza. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni elfu 62, wakati kawaida ni kuanzia 150. Kagoma kung'oa. Viungo navyo vinauma. Rozela au bitiruti?

Mama Kuruthumu: Pole mwanangu. Mimba yangu ya tatu nilikunywa rozela mpaka mume akawa ananiita mchawi kwa midomo ilivyokuwa myekundu. Damu ilipanda!

Kijiko: Sahani elfu 62? Fungua ukumbi wa harusi mkuu.

Zamu ya Usiku: Mama K, yako ilikuwa wekundu wa damu, si chembe sahani. Mtoa mada, umewahi kupimwa homa ya ini?

Konda Mstaafu: Nimeuliza damu, sio ini.

Zamu ya Usiku: Umewahi, hujawahi?

Konda Mstaafu: 2016 nilichangia damu, wakaniita, wakasema homa ya ini C. Sikuwa naumwa popote, nikapotezea. Wife hajui. Ila nimeshalipa laki na nusu dawa ya miti ya kusafisha ini, hii wiki ya tatu, na mkojo umeanza kuwa mweupe.

Zamu ya Usiku: Kumbe. Ini likijaa makovu kwa hiyo C, bandama huvimba na kuzizuia chembe sahani humo. Tena ini ndilo hutoa homoni ya kuuamuru uboho uzitengeneze. Madoa na viungo huenda ni krayoglobulini, protini za kinga zinazogandana kwenye baridi na kuumiza mishipa midogo. Wachache hufika hadi saratani ya mitoki. Pima wingi wa virusi, maana kingamwili, yaani alama kwamba mwili ulishapambana na virusi, hubaki hata kwa aliyepona. Pima na B, dawa za C zinaweza kuiamsha. Vidonge vya sofosbuvir na mwenzake ni wiki 12, na zaidi ya 95 kwa 100 wanapona. Hiyo miti acha.

Mtumishi: Uzinzi huo. Tubu.

Mpelelezi: Chai hii. Mwezi jana kwenye uzi wa kutafuta mchumba ulikuwa na miaka 29.

Kijiko: Leteni vitumbua.

Konda Mstaafu: Ule aliandika mdogo wangu, simu yake ilikuwa mbovu. Zamu, wife naye apimwe?

Zamu ya Usiku: Apimwe. Na wembe msichangie.

Konda Mstaafu: Tunatumia mmoja.