Duka limeniuzia PC ndogo, prosesa inagonga nyuzi 90, nikilalamika najibiwa "joto la Dar hilo kaka"

Wakuu habari zenu. Wiki 3 nimevumilia, leo naandika maana nimechoka kuonekana mimi ndo sijui kutumia kompyuta.

Mimi ni mtu wa video, nafanya harusi, sendofu, kipaimara, chochote kinachokuja. Kazi inayonilipa zaidi mwaka huu ni ile video fupi ya siku hiyohiyo, yaani ndoa inafungwa kanisani saa 8 mchana na usiku maharusi wakishaingia ukumbini wanawekewa kwenye skrini kubwa dakika 5 za ndoa yao wenyewe. Watu wanalia pale, wazazi wanasimama kutunza. Sasa hiyo kazi huwezi kuifanyia nyumbani halafu ukimbizane na foleni, unaikatia palepale kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi, kwa hiyo unataka mashine ya kutia kwenye begi ukapanda nayo bajaji. Laptop niliyokuwa nayo ilishazeeka. Ndo nikaamua kuunda PC ndogo, mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya Mini-ITX ambayo ni sm 17 kwa 17 tu, kesi ya lita 11.

Nikaenda duka moja mjini, jina silitaji, nikawaeleza kila kitu, mpaka begi nikawaonyesha. Jamaa akaniambia usijali kaka, tunakuwekea prosesa ya Ryzen 7 5800X na kadi ya picha ya RTX 3060, kazi zote hizo zinapita. Milioni 2 na laki 6 nikaweka mezani, keshi.

Jumamosi ya kwanza ya kazi, ukumbi wa huku Sinza. Saa 12 jioni nimemaliza kukata, nabonyeza kurenda, yaani mashine itoe video iliyokamilika, inaniambia dakika 7. Nikashukuru Mungu nikaenda kuchukua soda. Narudi imeandika dakika 19. Baada ya muda 31. Feni inalia kama mashine ya kusaga, kesi ukiigusa kwa juu unatoa mkono. Saa 1 na nusu MC anachungulia mlangoni, kaka vipi tupo tayari, namwambia bado kidogo. Ikafika asilimia 80 na kitu, ikazima. Pwii, giza. Nikaiwasha, nikaanza upya, ikazima tena. Maharusi wameingia, wamecheza, wamekata keki, skrini ipo na jina lao tu imeganda pale. Baba wa bibi harusi alinifuata mwenyewe, hakunitukana, aliniambia tu "mwanangu ulituahidi". Nilirudisha laki 3 na nusu yao yote. Hela sawa nitaipata tena, ila lile neno la yule mzee mpaka leo linanikaa hapa.

Jumapili nikaweka HWiNFO, programu ya kusoma joto na spidi ya mashine, niangalie kinachoendelea. Mashine imekaa tu haifanyi chochote, nyuzi 63. Nikapiga Cinebench R23, jaribio la kuifanyisha prosesa kazi kwa nguvu zote, ndani ya sekunde 5 ishafika nyuzi 90 na haishuki, spidi inaporomoka kutoka 4.4 mpaka 2.7 GHz. Kwa wasiojua, nyuzi 90 ndo mwisho ambao AMD wenyewe, watengenezaji wake, wameuweka kwa hiyo 5800X, ikigusa hapo inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Yaani nimelipia prosesa ya GHz 4.7 natumia ya 2.7.

Nikawatumia picha WhatsApp. Jibu: "Kaka joto la Dar hilo, weka AC." Nikapiga simu, "Boss hizi PC ndogo ndo zilivyo, zinachemka." Nikaenda dukani mwenyewe, fundi wao kaiwasha dakika 2, Windows imefunguka, akaniambia mbona inafanya kazi vizuri.

Hili la joto la Dar naomba tulimalize hapahapa maana wengi mnaambiwa hivyo mnarudi nyumbani kimya. Hitisinki, kile chuma cha juu ya prosesa kinachonyonya joto lake, inapooza kuanzia joto la chumba, sawa, chumba changu kilikuwa nyuzi 31. Chumba cha AC ni 22 au 23. Tofauti ni nyuzi 8 au 9, na hizo ndo takriban zinazoongezeka kwenye prosesa, haziwi 30. Mashine iliyofungwa vizuri inayokaa 75 kwenye AC itakaa 83 au 84 kwangu na itafanya kazi siku nzima. Na sikuishia kwenye maneno, niliibeba nikaipeleka ofisini kwa rafiki yangu, AC imewekwa 22, nikapiga jaribio lilelile dakika 10 kamili. Nyuzi 90. GHz 2.9. Joto la Dar liko wapi hapo?

Basi nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, na ndo hasira ikazidi kupanda maana kila kitu walichoniwekea kinapingana na chenzake.

Anza na prosesa. 5800X kwenye karatasi imeandikwa wati 105. Watu wanadhani ndo mwisho wake, sio. Kwenye soketi ya AM4, yaani aina ya kiti inapokaa hii prosesa, unazidisha kwa 1.35, ndo unapata kiwango inachoruhusiwa kuvuta kweli, kwa hiyo ni wati 142. Umeme wote huo unageuka joto, hauna pa kwenda pengine. Na sehemu yake kubwa inatoka kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye koa zote 8, yaani vile vitengo vya prosesa vinavyofanya kazi yenyewe, kama milimita 80 za mraba hivi, angalia ukucha wa kidole chako cha mwisho ndo ukubwa wenyewe. Ndo maana hii prosesa inasifika kwa kuchemka hata kwenye makesi makubwa, na ndo maana AMD hawaiuzi na feni ndani ya boksi, wanakutegemea utafute ya maana.

Hawa wameniwekea ya namna gani? Nimepima kwa rula, hitisinki na feni yake kwa pamoja milimita 37. Boksi lake wamenipa, limeandikwa wazi kwa prosesa mpaka wati 65. Limeandikwa! Fundi amelishika mkononi boksi lenye 65, mkono wa pili ameshika prosesa ya 105, akafunga. Na kesi yenyewe ina nafasi ya milimita 70 hapo juu ya prosesa, ingeingia hitisinki ya urefu karibu mara mbili yenye feni ya sm 12 bila kugusa kitu.

Na ilikuwepo 5700X. Koa 8 zilezile, soketi ileile, wati 65, mwisho wake inavuta 76. Spidi ya juu 4.6, ya kwangu 4.7. Kwa ajili ya GHz 0.1 tu unabeba karibu wati 70 za joto zaidi kwenye kiboksi cha kutia begini. Mtu anayejua anachouza angeniambia chukua 5700X kaka, na hela ikabaki. Ongeza hapo RTX 3060 yenyewe wati 170, zikifanya kazi pamoja ni wati 312, chukua zile balbu za zamani za wati 100, balbu 3, zifungie kwenye boksi la viatu na kifuniko juu.

Kifuniko nacho kina lake. Kesi hii inakuja na pande mbili za kubadilisha, moja kioo, nyingine wavu wa chuma. Wamefunga kioo, wavu wameuacha kwenye katoni na nailoni yake. Feni ya prosesa inavuta hewa kutoka upande huohuo wa kioo, kwa hiyo inanyonya kioo. Halafu feni 2 za kesi zote wamezielekeza kutoa hewa nje, hakuna hata moja ya kuingiza. Sasa hiyo hewa ya kutolewa inatoka wapi?

Hayo yote nilikuwa tayari kusema basi, hawajui, tunasameheana. Kilichonifanya nilete uzi ni cha Jumanne.

Niliamua kubadilisha themo pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki kupitisha joto. Kwa AM4 kabla ya kufungua unaiwasha kama dakika 5 ipate joto pesti ilainike, halafu unazungusha hitisinki kidogokidogo kushoto kulia, usiivute juu moja kwa moja maana prosesa inaweza kutoka nayo na pini zake 1,331 ukapinda hata moja umekwisha. Nimefanya hivyo taratibu, jasho linatoka, ikaachia. Nikaigeuza niifute.

Ina nailoni.

Ile karatasi ya plastiki wanayobandika kiwandani chini ya hitisinki isikwaruzwe, ipo palepale. Imeandikwa kwa maandishi mekundu iondolewe kabla ya kufunga. Pesti wameipaka vizuri kabisa, imetandazika mpaka kwenye kona, juu ya plastiki. Katikati imejikunja kwa joto imekuwa kama mfuko wa rambo uliosogezwa jirani na jiko. Hitisinki haijawahi kugusa prosesa yangu hata siku moja tangu nilipe hela. Nilikaa chini sakafuni kama dakika 10 naiangalia tu. Mke wangu akadhani nimepigwa shoti.

Milioni 2 na laki 6, na kazi ya kubandua karatasi sekunde 1 imewashinda, halafu unaniambia nikanunue AC.

Nimeibandua, nimefuta pande zote mbili, pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, nikafunga skrubu kwa kukingama ikae sawa. Ikiwa imekaa tu ikashuka mpaka 46. Nikatoa kioo nikaweka wavu, nikageuza feni ya chini iingize hewa, ya juu iendelee kutoa. Nikaingia bayosi (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijafunguka) nikawasha eko modi ya wati 65, ukifanya hivyo 5800X inabanwa isivute zaidi ya wati 88. Humohumo kuna kipengele cha Curve Optimizer nikashusha 15 kwa koa zote, inapunguza voltiji kidogo bila kuua spidi. Hii ya mwisho ipime kwako taratibu, kila prosesa ina uvumilivu wake, ukizidisha mashine inaanza kujizima bila sababu.

Leo chumba kile kile nyuzi 31, Cinebench dakika 10: nyuzi 82, spidi 4.1 GHz, haijashuka. Ile video ya harusi nimeirenda tena, dakika 7 na nusu. Nilivyoiona imeisha nilitamani nimpigie yule mzee, sikuwa na uso wa kumpigia. Wavu unaleta vumbi, barabara yetu ya mtaani haina lami, nitakuwa naupuliza kila baada ya wiki 2, hilo sio tatizo.

Sasa kuna watu watasema si umeshapona, unalalamika nini. Nalalamika kwa sababu nimelipia prosesa ya wati 142 na ninalazimika kuibana kwa 88 ili iishi na hitisinki waliyochagua wao. Nalalamika kwa sababu mara 3 nimewafuata, mara 3 hakuna aliyechukua bisibisi. Na nalalamika kwa ajili ya dogo aliyekuwa nyuma yangu foleni siku ile, kijana wa chuo, amekuja na mama yake kununua mashine ya kuchorea ramani, kesi kama yangu, kioo kama changu. Yule mama alikuwa anahesabu noti za elfu 10 moja moja.

Jumatatu naenda. Nataka kimoja kati ya viwili, wanibadilishie iwe 5700X na wanirudishie tofauti ya bei, au waniwekee hitisinki inayojaza zile milimita 70. Juu yake nataka laki 3 na nusu niliyorudisha kwa mteja, na hiyo sipunguzi. Nailoni ninayo kwenye bahasha na pesti yao juu yake, risiti ninayo, meseji zao zote za AC ninazo. Wakinizungusha hiyo bahasha inaenda Tume ya Ushindani, FCC.

Na wewe uliyefungiwa PC ndogo mwaka huu na unaambiwa joto la Dar, weka HWiNFO uniandikie hapa chini ikiwa imekaa tu inasoma ngapi. Kama ni zaidi ya 60 na hujafungua kitu, usiende AC, lete namba hapa nikuelekeze namna ya kufungua bila kupinda pini. Dogo wa ramani kama upo humu, anza wewe.