Tupeane uzoefu: Unawakumbuka vipi watu wa faya wa Mombasa na kituo chao cha zamani?

Mwana wa Kibokoni

Assalaam aleikum wana Mombasa, wa kisiwani na wa ng'ambo zote. Juzi tumemzika mzee wa mtaani kwetu aliyefanya kazi ya zimamoto tangu ujanani, enzi za Baraza la Manispaa, kabla ya mambo ya kaunti. Tulipokaa matangani nikaona kila mmoja ana kisa chake cha moto na cha wale watu wa makoti mazito. Naomba tuviweke hapa kabla havijaondoka na wenyewe. Sema ulikuwa wapi na uliona nini. Majina ya watu tusiyataje.

Naanza mimi. Nilikuwa na miaka tisa, kaskazi inavuma, na nyumba ya ghorofa nyuma yetu ikashika moto usiku. Mnazijua nyumba za Mji wa Kale: kuta za mawe, lakini dari ni boriti, ngazi ni mbao, na mbao hizo zimekauka miaka na miaka. Gari la faya lilifika likasimama barabarani, maana vichochoro vyetu hata mkokoteni hupita kwa kubembeleza. Wale watu wakashuka mbio, kila mmoja na paipu iliyokunjwa begani. Walikuwa wakizikunjua huku wanakimbia, wakifika mwisho wanaunga nyingine. Mlio wa vile vichwa vya shaba vikigonga mawe ya njia bado ninao masikioni.

Mmoja alituona watoto tumesimama akatuambia, "Nyinyi, kila mtu kona yake, paipu isijikunje." Nikawekwa pembeni mwa msikiti. Ile paipu ilikuwa bapa kama mkanda chini ya kiganja changu, halafu ghafla ikajaa, ikawa ngumu kama gogo la mnazi, ikanisukuma hadi ukutani. Sikuiachilia. Nyumba ile iliungua paa, lakini za jirani zote zilipona.

Binti wa Zimamoto

Waaleikum salaam ndugu yangu, umenitoa machozi. Marehemu babangu alikuwa faya. Kituo kile ndicho kilichotulea. Siku za Jumamosi mama akinituma nipeleke chakula, nawakuta wametandaza paipu juani uani zikauke, wengine wanasugua gari na kitambaa mpaka unajiona uso. Ukiwatazama utadhani ni watu wasio na haraka ya kitu chochote. Simu ikilia, sahani inabaki na mkono wa wali haujanawiwa. Mara mbili nilirudi nyumbani na chakula cha baba kikiwa moto bado.

Kuna jambo moja nataka kulisema kwa sababu lilimuumiza sana. Watu walikuwa wakiwapigia kelele, "Mmekuja bila maji!" Jamani, gari halikuja tupu. Tangi la gari hubeba lita 4,000 au 5,000 hivi. Paipu moja kubwa hutoa mamia ya lita kila dakika, na mkifungua mbili, hesabu wenyewe. Maji ya tangi ni ya kuanzia tu, ya kuokoa mtu na kuuzuia moto wakati wenzao wanatafuta bomba la zimamoto la barabarani. Na bomba lenyewe waende walikute limefunikwa na lami, au kibanda kimejengwa juu yake. Baba alikuwa akifukua kwa mtaimbo watu wakimtukana mgongoni. Akirudi nyumbani hasemi neno. Anavua buti, anaziweka nje ya mlango kwa sababu ya harufu ya moshi, anakaa.

Na kila usiku kabla ya kulala alikagua stovu, kibatari na swichi za stima. Chumba kwa chumba.

Mlikoni

Pole sana dada. Sisi wa Likoni tunalielewa hilo kwa njia yetu. Wenzetu wa Kisauni walipata daraja la sasa la Nyali mwaka 1980, sisi tukabaki na feri. Enzi hizo moto ukiwaka kwetu, gari lilitoka kisiwani likafika kivukoni, na hapo mwendo ulikuwa wa feri. Hata wakipishwa foleni yote, kama chombo kiko upande wa pili kilisubiriwa.

Nilikuwa kijana, duka la jirani linateketea, nikakimbia hadi ufukweni kuangalia. Ng'ambo ya pili taa ya gari la faya ilikuwa inazunguka palepale, haiendi mbele wala nyuma. Wale watu walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa maji wanatazama moshi wetu. Walipofika paa lilishaanguka. Vijana wakaokota mawe. Mzee mmoja wa faya, mvi tupu, alishuka akawaambia, "Nirusheni mawe baadaye, sasa nionyesheni kisima kiko wapi." Wakayaangusha, wakampeleka kisimani. Hadi alfajiri tulikuwa tunapokezana ndoo pamoja nao.

Bi Kaimati

Changu kifupi. Mwezi wa Ramadhani, karibu na magharibi, karai la mafuta likanishika moto nikikaanga kaimati. Mwanangu kakimbilia ndoo. Jirani yetu wa faya, siku hiyo hayuko zamu, aliingia na kikoi chake akampokonya ndoo mkononi. Akachukua sinia, akalisukumia taratibu juu ya karai mpaka likafunikika, akazima jiko, akaketi. "Maji kwenye mafuta yanayowaka, mama, hurukia uso wako." Akakataza mtu kufunua mpaka karai lipoe. Alifuturu kwetu jioni ile, na wanangu wote leo wanajua kazi ya sinia.

Mzee wa Majengo

Zamani Majengo mapaa yalikuwa ya makuti. Wale wa leo hawajui makuti yanavyowaka: cheche inaruka nyumba tatu mbele yako. Faya wa zamani walikuja na pembo ndefu za chuma, zile fimbo zenye ncha iliyopinda, na kazi ya kwanza si kumwagia ile inayoungua. Walikwenda nyumba ya tatu, wakaanza kulivuta paa zima chini, ili moto ukute pengo. Marehemu bibi yangu alilia akidhani wanamuibia nyumba. Kesho yake alikuwa na kuta nne, kitanda na sanduku lake la nguo. Upande wa pili wa pengo lile walibaki na majivu. Akawapikia mahamri, akayapeleka kituoni mwenyewe kwa miguu.

Mwana wa Kibokoni

Binti wa Zimamoto, samahani nikuulize. Zile buti mnazo?

Binti wa Zimamoto

Moja. Ya kulia iliyeyushwa soli yake na bati la moto. Ya kushoto mama kaiweka palepale nje ya mlango, na kila Ijumaa huifuta vumbi.