Mdogo wangu ana miaka 20, mwanaume wake 46. Naombeni ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Tuko Njombe. Mdogo wangu wa kike yuko chuo, na juzi nimegundua yule anayemlipia chumba ni baba wa miaka 46, mfanyabiashara wa mbao. Zamani redioni wanaume wazima wanaowafuata mabinti wadogo kama hivi waliitwa mafataki.

Simchukii yule baba, ila nina hofu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7, juu kuliko mikoa yote. Mtu wa umri ule ameshapitia mahusiano mengi, na uwezekano wa kuwa na virusi ni mkubwa kuliko kwa kijana wa rika la binti. Halafu nani atamwambia anayemlipia kodi ya chumba avae kondomu? Nilipomuuliza mdogo wangu kama wamepima, alikunja pindo la kanga, akasema, "Dada, nitaanzaje?"

Nimemtajia PrEP, dawa kinga anazotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, akanyamaza. Mama hajui.

Nimsindikize kupima, kisha arudie baada ya miezi mitatu? Au niongee na yule baba mwenyewe? Naogopa nikimbana atanificha kila kitu. Waliopitia hili, mlianzia wapi?