Usafiri wetu Kusini: kila halmashauri ipange kivyake, au majirani wakae meza moja?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hili limenikaa moyoni tangu nilipomsindikiza shangazi yangu hospitali. Safari ilikuwa ya magari mawili. La kwanza likatushusha ukingoni mwa mji, kabla ya stendi, dereva akisema ushuru ameshalipa alikotoka na mbele watamdai tena. Gari la pili lilikuwa linapakia ndani ya stendi. Shangazi hawezi kutembea hata hatua hamsini. Tukakodi bodaboda mbili, moja ya mgonjwa na moja ya mizigo, na nauli yake ilizidi ile tuliyolipa kwenye gari lililotutoa nyumbani.

Yule dereva simlaumu sana. Halmashauri mbili jirani zimepanga stendi zao na ushuru wao bila kuulizana, na anayeumia ni abiria.

Kuna ndugu ataniambia halmashauri haihusiki: leseni ya njia na nauli ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini; barabara kuu ni wakala wa serikali TANROADS, na barabara za wilaya na mitaa ni wakala mwingine, TARURA, tangu 2017. Kweli kabisa. Lakini stendi ijengwe wapi, bajaji na boda ziegeshe wapi, soko na shule mpya vikae upande gani wa mji, hayo bado yanaamuliwa na baraza la madiwani. Na hayo ndiyo yanayoamua mama wa kijijini atabadilisha magari mangapi.

Tazameni barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi. Ni kilomita 210 hivi. Lami ilianza na kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, na kipande kilichofuata, Mnivata hadi Masasi, ni kama 160. Njia ni moja, ila ndani yake mna Manispaa ya Mtwara Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, Mji wa Nanyamba, Tandahimba, Newala na Masasi, na Newala na Masasi kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya. Kila mmoja akijijengea stendi yake bila kumtazama jirani, lami itakamilika na abiria ataendelea kushushwa njiani.

Halafu korosho. Kuanzia Oktoba minada ikifunguka, malori yanashuka kutoka Tandahimba na Newala kwenda bandari ya Mtwara. Ushuru wa zao unabaki kule ilikovunwa, sawa, ni haki yao. Lakini malori yanalala Manispaa, na barabara za mitaa zinazokandamizwa ni za Manispaa. Anayepata fedha na anayebeba uzito si mmoja. Katika mjadala huu wote, hapa ndipo naona hoja nzito kuliko zote, na sijasikia madiwani wakiizungumza kwa pamoja.

Najua hofu ya halmashauri ndogo. Ukikaa meza moja na manispaa, manispaa itameza kila kitu: stendi kubwa itakuwa kwao na mapato yatakuwa yao, wewe ubaki na vumbi. Hofu hiyo ina msingi. Ushuru wa stendi ni miongoni mwa mapato machache ya ndani waliyonayo, na diwani hawezi kurudi kwa wananchi wake akasema ameyagawa. Ndiyo maana kamati ya ushauri ya mkoa na bodi ya barabara ya mkoa hazinitoshelezi mimi. Ya kwanza inashauri tu, ya pili inatazama barabara. Hakuna anayekaa kugawanya ushuru.

Pendekezo langu ni dogo. Tuanze na jozi moja, tuseme Masasi Mji na Masasi Wilaya, maana mji na wilaya ni majirani wanaopakana. Gari lilipe ushuru mara moja kwa siku, risiti itambuliwe pande zote mbili, na fedha zigawanywe kufuata abiria wanakopandia. Eneo la stendi mpya lisipitishwe mpaka jirani ameona mchoro. Sheria mpya sidhani inahitajika kwa kuanzia, makubaliano ya mabaraza mawili yanatosha.

Nataka kuwasikia hasa wenye magari na madiwani wa wilaya. Gari likilipa mara moja tu, mtaliingiza stendi? Na wewe diwani, mgawo gani ungeweza kuusimamia mbele ya wapiga kura wako?