Naomba ushauri: tumbo la mbwa kujisokota

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nilikuwa na German Shepherd wawili, mama na mtoto wake dume. Mama kafa mwezi uliopita. Alikula ugali na dagaa jioni, tukamfungulia akimbie uani. Saa 4 usiku tumbo limejaa kama ngoma, anajikakamua kutapika hakitoki kitu, mate yanachuruzika. Tukadhani gesi tu, tukamnywesha mafuta ya kula (najilaumu mpaka leo). Alfajiri tukamkuta amekufa.

Daktari wa mifugo akanieleza: tumbo lilijaa hewa likajisokota, hewa ikakosa pa kutokea, damu ikashindwa kurudi kwenye moyo. Hapo dawa ni upasuaji wa haraka, siyo kusubiri kukuche. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu ndio huathirika zaidi, na huenda kwa ukoo pia.

Dume ana miaka 4. Sasa namgawia chakula mara 3 kwa siku na simfungulii akishakula. Ila anakula kwa pupa, hata jiwe nililoweka kwenye bakuli analizunguka tu.

Je, kuna daktari Moshi au Arusha anayeshonea tumbo la mbwa kwenye ukuta wa ndani lisijisokote, na ni kama shilingi ngapi? Na ikitokea usiku wa manane, nyie mnakimbilia wapi?