Orodha ya mikoa kwenye fomu: niipambe `select` ya kivinjari au nijijengee yangu?

fundi_wa_fomu
Wakuu, habari za majukumu. Natengeneza fomu ya kujiunga na SACCOS moja hapa Morogoro. Dizaina kaleta mchoro: orodha ya mikoa yenye pembe za duara, mstari uliochaguliwa uwe kijani cha chama, na kila jina liwe na kialama pembeni. Kwa `select` ya kawaida (ile orodha ya kuchagua inayokuja na kivinjari) kisanduku kinapakwa rangi vizuri tu, ila ukikifungua kwenye Android inatokea ile orodha ya simu yenyewe, kijani kwaheri. Kwa `div` (kisanduku kitupu cha HTML) na JavaScript napata kila kitu. Nani kapita njia zote mbili? Nina wiki 3.

kubwa_la_CSS
Mimi nilijijengea. Sura niliimaliza siku ya kwanza nikajiona bingwa. Kesho yake mambo yakaanza. Mishale ya kibodi haisogezi kitu. Esc haifungi. Ukigonga nje, orodha imekodoa macho tu. Kisanduku kikiwa chini ya skrini, orodha inafungukia kusikoonekana. Kwenye `select` halisi mtu anabonyeza "mw" haraka haraka anatua Mwanza. Kwangu alikuwa anabonyeza hewa. Vyote hivyo kivinjari kilikuwa kinanipa bure, na sikujua mpaka nilipovitupa. Wiki 3 zako zote zitaishia hapo, na fomu hujaigusa.

tuma_na_ya_kutolea
Kabla hujajenga, maliza kwanza vya bure. Kwenye CSS, lugha ya kupamba ukurasa, `appearance: none` inaondoa mshale wa kivinjari, unaweka wako kama picha ya usuli. Mpaka, pembe, fonti, vyote unavigusa. Fonti isishuke chini ya piseli 16, maana iPhone itaukuza ukurasa kila mtu akigusa kisanduku, halafu utapigiwa simu wewe. Visanduku vya tiki ndiyo kabisa: `accent-color: green`, mstari mmoja, nenda kalale.

masikio_mawili
Mimi sioni, natumia TalkBack, kisoma skrini cha Android kinachonisomea kwa sauti. Kuna fomu moja mwaka jana ilikuwa na orodha ya kujijengea. Nafika, nasikia "Chagua mkoa", kisha kimya. Haisemi kama ni orodha, haisemi imefunguka au imefungwa. Nagonga mara mbili, kimya tena. Kumbe orodha imefunguka, ila imewekwa mwisho kabisa wa ukurasa, chini ya anwani na namba za simu. Nilitelezesha kidole mpaka huko, nikapata Arusha, nikarudi juu nikakuta imejifunga. Nikampa mdogo wangu simu anijazie, pamoja na namba yangu ya kitambulisho. Kwa `select` sijawahi kumpa mtu simu.

wa_Kisumu
Pole sana ndugu. Lakini tusiifanye `select` dawa ya kila kitu. Kaunti zetu 47 zinakaa humo bila shida. Mimi nilikuwa na orodha ya bidhaa za duka la jumla, zaidi ya 2,000, na mtu anakumbuka neno la katikati tu, "ajab" au "kilo 2". `Select` hapo ni adhabu, kwa sababu inatafuta kwa herufi za mwanzo. Nilihitaji kisanduku cha kuandika kinachochuja. Sikukijenga kutoka sifuri: nilichukua React Aria, maktaba ya vipande vya fomu ya Adobe, ambayo kibodi na visoma skrini imeshavishughulikia, mimi nikaleta rangi zangu. Gharama yake ni kilobaiti, na bando la mteja wako unalijua wewe.

fundi_wa_fomu
Mikoa ni 31 tu. Kata ndizo maelfu, lakini nikishapata mkoa na wilaya zinabaki chache. Sasa kijani na vialama?

tuma_na_ya_kutolea
Tangu Chrome 135, mwaka 2025, kuna `appearance: base-select`. Unaiandika kwa `select` na kwa `::picker(select)`, yaani orodha inayofunguka, mara mbili, wengi husahau ya pili. Hapo orodha iliyofunguka unaipaka utakavyo, hata picha ndani ya `option`, na kibodi inaendelea kufanya kazi. Kwenye simu utaikosa ile orodha ya mfumo, hiyo ni biashara ya kupima. Kivinjari kisichoijua kinaonyesha `select` ya siku zote.

kubwa_la_CSS
Mwambie dizaina mapema kwamba haitafanana kila mahali. Akiiona mwenyewe kwa mteja, kesi ni yako.

fundi_wa_fomu
Nimemwambia. Kanuna kidogo, kakubali. Nimeweka `select`, Bara na Zanzibar kila moja kwenye `optgroup` (kundi lenye kichwa ndani ya orodha) yake, na `base-select` juu yake. Kingine nimekigundua nikijaribu: niliandika "Kaskazini Pemba", kwa hiyo mtu akibonyeza "pe" hapati kitu. Nimegeuza ikawa "Pemba Kaskazini". Vialama vya mikoa bado sijui ni vya nini.

masikio_mawili
Nitumie kiungo PM nijaribu kabla hujamkabidhi. Na hivyo vialama viwekee `alt` (maelezo ya picha yanayosomwa kwa sauti) tupu, nisije nikasikia "picha, picha, picha" mara 31.